Mke wa Mtu, Keshia wa Mji

Tangazo la kifo likisomwa redioni hapa Rwanda, hutaja mume, watoto, wakwe na saa ya mazishi. Shangazi yetu naye alisomewa hivyo: mke wa fulani, mfanyakazi mstaafu wa benki, Gisenyi. Kazi ya umri mzima ikapita kwa pumzi moja. Ni haki yake tukae nayo kidogo.

Alianza zama za leja, hesabu zikiandikwa kwa mkono na kila mteja ana kadi yake. Noti za wavuvi wa sambaza zilimfikia zimelowa, zinanuka Ziwa Kivu. Alizinyoosha moja moja kwa kiganja, akazigeuza zote upande mmoja, akazihesabu mara mbili mteja akiona. Mzee asiyejua kuandika, Shangazi alimshika kidole gumba mwenyewe, akakipaka wino na kukibandika mahali pake bila kumtia haya. Na muuza nyanya akitaka kujua ana akiba kiasi gani, Shangazi hakutamka. Aliandika kwenye kikaratasi akakipitisha chini ya kioo. Foleni ya Gisenyi ina masikio, na nyuma ya huyo mama huenda alisimama shemeji yake.

Kikaratasi kile kilikuwa na sababu. Kwa miaka mingi mke nchini Rwanda alihitaji idhini ya mume ili afungue akaunti. Shangazi, aliyekabidhiwa funguo za sefu, sharti hilo lilimhusu pia. Mumewe, fundi wa kiwanda cha bia, alimtilia saini mara moja, na tangu hapo hakuuliza habari za mshahara wake. Ilipotoka sheria ya Novemba 1999, iliyowapa mabinti haki sawa ya kurithi, ni yeye Mjomba aliyewakalisha watoto sebuleni akawaeleza kiwanja kitagawanywaje.

Julai 1994, serikali ya muda iliyoendesha mauaji ya kimbari ilikimbia kupitia mji wetu kuingia Goma, Kongo, ikiwa imebeba fedha za Benki Kuu. Januari 1995 noti za zamani zikafutwa. Shangazi alirudi dirishani kupokea watu waliopona, baadhi yao wameshika vitabu vya akiba vya ndugu waliouawa. Habari za siku hizo hakupenda kuzisimulia. Alisema tu kwamba wengi aliwatambua kwa saini zao kabla hajasoma majina.

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kuingia katikati ya Goma, maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuja kwetu. Ua wa Shangazi na Mjomba ulijaa. Mjomba alisonga ugali, Shangazi akaandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi, kwa mwandiko ule ule wa leja.

Alipostaafu, wanawake wanaovusha mboga na maziwa kwenye mpaka wa Petite Barrière walimwomba awatunzie hesabu za kimina chao, yaani chama chao cha kuweka na kukopa. Wengine walikuwa wateja wake wa zamani, wanavijua vikaratasi. Aliwafundisha kuandika deni siku ile ile linapotolewa, na kumdai hata rafiki bila kugombana naye. Kwenye kilio ndio waliozungumza zaidi kuliko sisi wa damu.

Jumamosi iliyofuata mazishi walikutana kama kawaida, wakachagua mweka hazina mpya. Mkopo wa kwanza alipewa muuza sambaza aliyetaka mtaji wa kwenda Goma.