Wazee Wetu Wanakula Nini?

Katika nyumba nyingi za Kivu chakula cha jioni hutoka katika chungu kimoja, lakini hakiwafikii watu wote kwa namna moja. Baba mzee huketi pamoja na wageni wake. Huletewa bugali wa moto, na kipande cha nyama au cha samaki. Mama mzee hubaki jikoni na wajukuu. Yeye hugawa, hungoja, na mwishowe hula kilichosalia: bugali, sombe na mchuzi kidogo. Tumeizoea desturi hii hata hatuioni tena. Leo tuitazame vizuri, kwa maana inagusa afya ya wazazi wetu.

Miiko ya zamani

Wahenga walisema: Mwenye njaa hana miiko. Lakini mabibi zetu waliona njaa, na miiko wakaishika. Katika Rwanda mwanamke hakula nyama ya mbuzi. Aliambiwa kwamba akiila ataota ndevu. Katika Buganda wanawake walikatazwa kuku, mayai na nyama ya kondoo. Upande wetu wa Kongo pia, makabila kadhaa yalikuwa na makatazo ya namna hiyo. Angalieni jambo moja: vyakula vilivyokatazwa ndivyo hasa vyenye kujenga mwili. Wasichana wa leo hula mayai bila hofu. Lakini mama aliyelelewa katika miiko hiyo mara nyingi huona haya, au husema tu: «Mimi sikuzoea, mpeni mtoto.»

Mama mzee

Watu wengine hudhani kwamba mzee hahitaji chakula kizuri, kwa kuwa hakui tena. Hivyo sivyo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu hii: mtu mzima, mume au mke, kijana au mzee, anahitaji kila siku gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mama mwenye kilo 50 anahitaji gramu 42 hivi. Yai moja lina gramu 6 hivi. Bugali wa muhogo una protini kidogo sana. Ataipata wapi, ikiwa kila jioni anakula mabaki?

Tena, baada ya hedhi kukoma, mifupa ya mwanamke hudhoofika upesi kuliko ya mwanamume. Akianguka njiani, huvunjika kwa urahisi. Samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, kama ndakala na sambaza, humsaidia sana. Sambaza hawakuwamo katika Ziwa Kivu tangu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960. Leo wanauzwa sokoni kwa mafungu. Mbona fungu hilo lisifike kwa bibi?

Baba mzee

Je, baba amepata bahati? Si sana. Nyama anapewa, lakini lengalenga na matunda huyadharau, akiyahesabu kuwa chakula cha wanawake na watoto. Akienda kunywa kasiksi na wenzake, hurudi tumbo limejaa, naye huisukuma sahani kando. Nyama ya kuchoma hupenda kuitia chumvi nyingi, na chumvi nyingi hupandisha damu. Kwa siku nzima, chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo.

Hatari kubwa zaidi huja siku anapofiwa na mkewe. Mjane wa kike, hata akiwa maskini, anajua kuwasha moto na kupika mboga. Mwanamume aliyetumikiwa maisha yake yote hajui. Hungoja sahani ya mkwe wake. Isipofika, hulala na njaa, wala hasemi, maana kuomba ni aibu kwake. Ndivyo desturi ile ile inavyomnyima mama nyama, na kumnyima baba ujuzi wa kujilisha.

Tufanye nini?

Hatusemi kwamba heshima ya baba iondolewe. Tunasema kwamba mama naye ana haki ya heshima hiyo. Ninyi mnaopika, wekeni sehemu ya mama mzee kabla ya kuwagawia wengine. Kama meno yamekwisha, twangeni ndakala wakavu, mkatie unga wao katika sombe au maharagi. Na katika sahani ya baba, mboga isikose kamwe.

Nanyi wanafunzi wavulana, jifunzeni kupika mngali vijana. Si aibu, ni akiba ya uzee. Na wote kwa pamoja, mama mzee akisema: «Nimeshiba,» msiridhike na neno lake. Tazameni kwanza kama alipakuliwa.