Vumbi ndani ya kamera: puliza, usifute

Kiangazi kikianza, kati ya Desemba na Februari, sisi tunaopiga picha za harusi na mazishi nje ya Kampala hurudi nyumbani na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kamera nazo hazisalimiki. Mtu anachungulia, anaona madoa meusi, na papo hapo anaanza kuhesabu pesa za fundi. Mara nyingi pesa hizo hutupwa bure.

Kamera zetu nyingi bado ni zile zenye kioo ndani. Mwanga ukipita kwenye lenzi hugonga kioo hicho, ukapanda juu kwenye kijibao cha plastiki, kisha prizimu ikaupeleka kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukibonyeza kitufe, kioo kinanyanyuka na mwanga unakwenda moja kwa moja nyuma, kwenye kihisi kinachofanya kazi ya filamu. Kwa hiyo vumbi unaloliona ukichungulia haliko katika njia ya picha. Litakukera wewe, lakini bibi harusi hatalijua.

Atakalolijua ni lile usiloliona. Weka kamera kwenye f/16 au f/22, piga picha kadhaa za ukuta mweupe, uzikuze kwenye kompyuta. Madoa yakitokea mahali palepale katika kila picha, kihisi ndicho kichafu. Hapo ndipo umtafute fundi unayemwamini.

Kitundu usafishe mwenyewe. Toa kwanza ule mpira wa kuegemeza jicho. Katika kamera nyingi unausukuma tu kwenda juu. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uuache ukauke kabisa kivulini. Petroli usiiguse, itauharibu. Kisha inamisha kamera na upulize kioo cha kitundu kwa pampu ndogo ya mpira. Baadaye ndipo ufute kwa kitambaa cha lenzi. Vumbi la barabara zetu ni mawe yaliyosagika, na kulifuta kabla ya kulipuliza ni sawa na kupiga msasa. Kupuliza kwa mdomo nako hakufai, maana mate hubaki kwenye kioo.

Doa likikaidi, huenda liko kwenye kijibao cha ndani. Toa lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini, puliza mara mbili tatu bila kugusa kitu. Likigoma, liache. Nimeona vijibao vilivyofutwa kwa pamba, na mikwaruzo yake haitoki; mwenye kamera ataitazama mpaka siku atakayoiuza.

Kwenye kamera mpya zisizo na kioo, kitundu ni kama televisheni ndogo, na kando yake kuna kihisi kinachotambua jicho. Vumbi likikiziba, skrini ya nyuma inaweza kuzimika, mtu akadhani kamera imekufa. Kitundu hicho kisiachwe kikitazama jua, kwa kuwa lenzi yake hukusanya miale ikaunguza skrini ya ndani.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni macho yetu. Kamera ya kukodi hupita kwa watu watatu au wanne kwa wiki moja, na kila mmoja hubandika jicho palepale penye jasho na vumbi la mwenzake. Mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulisambaa Uganda, na ugonjwa huo hupita kwa mikono na kwa vitu vinavyotumiwa na watu wengi. Mpira wa kamera ni kimojawapo. Mwenye macho mekundu asishike kamera ya wenzake hadi apone, hata kama ana harusi Jumamosi.

Mpira mpya hauna bei kubwa. Wangu nautembeza kwenye mfuko wa shati, na anayekuja kukodi kamera yangu namwambia aje na wake.