Kuibashiri Kompyuta Ijayo: Shahidi Ni Joto

Kampuni ya Apple ya Marekani aghalabu haitangazi kompyuta zake mpya mpaka wakati wa kuziuza uwe umekaribia. Kwa hiyo, kabla ya kila tangazo, huenea ubashiri wa kila namna: prosesa itakuwa ya aina gani, itakuwa na kasi kiasi gani, na itatoka lini. Ukimya wa kampuni una sababu. Mnunuzi asikiapo kwamba chombo bora kinakuja, huahirisha kununua kilichopo dukani. Kampuni ya Osborne, iliyotoa kompyuta ya kubebeka mwaka 1981, ilifilisika mwaka 1983, na tangazo la mapema la chombo kipya hutajwa mara kwa mara miongoni mwa sababu za anguko lake.

Hata hivyo, ubashiri huu si mchezo wa wadadisi tu. Chuo au ofisi inaponunua kompyuta hutaraji kuitumia kwa miaka mingi. Kila jamii ya prosesa ina amri zake yenyewe, na programu iliyotayarishwa kwa amri za jamii moja haieleweki na prosesa ya jamii nyingine. Kampuni ikihama kutoka jamii moja kwenda nyingine, kompyuta iliyonunuliwa jana huanza kuhesabiwa siku zake. Je, zipo dalili ambazo mnunuzi anaweza kuzisoma mapema? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa prosesa, dalili kubwa ni joto.

Joto latoka wapi

Prosesa ni kipande cha silikoni chenye transista nyingi mno, na kila transista hufanya kazi ya swichi: hufungua au hufunga njia ya umeme kwa kufuata mapigo ya saa. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na prosesa ya Motorola 68000 iliyopiga mapigo kama milioni 8 kwa sekunde. Kila transista igeukapo hutumia umeme kidogo, na umeme huo hugeuka kuwa joto. Kiasi chake huongezeka kwa kadiri ya wingi wa mapigo na kwa mraba wa volteji. Yaani volteji ikipunguzwa kwa nusu, na mengine yote yakabaki yalivyo, umeme unaotumika kwa kazi hiyo hushuka hadi robo.

Kwa muda mrefu, kila transista zilipofanywa ndogo zaidi, volteji nayo iliweza kupunguzwa. Kasi ikapanda bila ya joto kupita kiasi. Ilipokaribia mwaka 2005, njia hiyo iliziba. Transista zilikuwa ndogo hata umeme ukavuja zikiwa zimefungwa, na volteji haikuweza tena kushuka kama zamani.

Ahadi ya mwaka 2003

Mwezi Juni 2003, mkuu wa Apple, Steve Jobs, alitangaza kompyuta ya Power Mac G5, yenye prosesa ya jamii ya PowerPC iliyotengenezwa na IBM. Mapigo yake yalifikia bilioni 2 kwa sekunde, na Jobs aliahidi kwamba yangefika bilioni 3 katika muda wa miezi 12. Hapakuwa na mbashiri aliyekuwa karibu na siri za kampuni kuliko yeye, lakini ahadi haikutimia. Mwaka 2004 yalifikiwa mapigo bilioni 2.5, tena kwa prosesa kupozwa na kimiminiko. Mwaka 2005 yakawa bilioni 2.7.

Kompyuta ile ya 2003 ilikuwa na feni 9 ndani yake. Prosesa inayohitaji upepo wa namna hiyo haiwezi kutiwa katika kompyuta nyembamba ya kubebeka, na kwa kweli haikupata kutiwa. Tarehe 6 Juni 2005, Jobs alitangaza kwamba Apple ingehamia prosesa za Intel, na sababu aliyoitaja ni wingi wa kazi inayopatikana kwa kila wati ya umeme. Uhamaji ulikamilika mwaka 2006. Programu za zamani ziliendeshwa kwa msaada wa mfasiri aitwaye Rosetta, lakini mfasiri huyo aliondolewa katika mfumo uliotolewa mwaka 2011.

Historia yajirudia

Tangu mwaka 2010 Apple ilikuwa ikitumia prosesa ilizosanifu yenyewe katika vyombo vyake vidogo, ambavyo betri na ukosefu wa feni huvilazimisha kubana umeme. Mwezi Juni 2020 ilitangaza kwamba kompyuta zake nazo zingefuata. Mwezi Novemba ikatoka M1, yenye transista bilioni 16 na viini 8 vya kukokotoa: 4 vya kasi na 4 vya kuokoa umeme. Kompyuta ya MacBook Air iliyotiwa prosesa hiyo haikuwa na feni hata moja.

Walakini, Mac Pro yenye prosesa ya Intel iliendelea kuuzwa mpaka Juni 2023. Miaka miwili baadaye, Juni 2025, kampuni ilitangaza kwamba macOS 26 ndio mfumo wa mwisho kwa kompyuta zake zenye Intel. Aliyeinunua katika miezi ya mwisho alipata chombo chenye nguvu, lakini chenye umri mfupi.

Basi dalili hazitaji tarehe wala jina la prosesa ijayo. Huonyesha mwelekeo tu. Anayetaka kununua na aulize mambo matatu: chombo hiki hufanya kazi kiasi gani kwa kila wati? Je, kampuni hiyo hiyo ina prosesa nyingine ifanyayo kazi ile ile kwa joto dogo zaidi? Na programu anazozitegemea zitaendeshwa na nini siku prosesa itakapobadilishwa? Majibu yake hayahitaji siri ya kampuni yoyote.