Idhini na Ridhaa: Juu ya Kuchunguza Nafsi za Watu katika Usukuma

Yako maneno mawili ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni moja, nayo ni idhini na ridhaa. Idhini ni ruhusa itolewayo na mwenye mamlaka. Ridhaa ni kukubali kwa moyo kwa yule yule atakayepatwa na jambo. Katika elimu ya nafsi, iitwayo saikolojia, tofauti hii si ya wanasarufi peke yao.

Mchunguzi afikapo Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliofanywa mwaka 2012, hutakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hujitambulisha wilayani, kisha kwa mtendaji wa kijiji, kisha humwendea mwalimu amsaidie kupata mkalimani. Hizo zote ni idhini. Hakuna hata moja iliyo ridhaa ya bibi kizee aketiye mlangoni pake. Naye akiulizwa mbele ya mtendaji atasema ndiyo, maana aliyelelewa vema hamfukuzi mgeni wala hambishii mkubwa. Ndiyo hiyo ni adabu. Tusiihesabu kuwa ridhaa.

Jambo hili si la Wasukuma tu. Mwaka 1961 Stanley Milgram, wa chuo cha Yale huko Marekani, aliwaambia watu kwamba anachunguza kujifunza na kukumbuka, kumbe alikuwa akipima utii wao. Katika jaribio lake mashuhuri, watu 26 kati ya 40 walifuata amri mpaka mwisho, wakidhani kweli wanamwumiza mwenzao kwa umeme. Hivyo Milgram alionyesha jinsi mtu amtiivyo mwenye cheo. Naye mwenyewe akalaumiwa kwa kuwadanganya waliomwamini.

Basi tupime swali moja: “Ni nani hapa ashukiwaye uchawi?” Kwa mwanachuo ni njia ya kujua hofu za watu. Lakini katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa shuku hiyo, wengine kwa kuwa macho yao ni mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Jina likitajwa jirani akisikia, halirudi tena kinywani.

Wenye hekima ya maadili hushika njia tatu. John Stuart Mill wa Uingereza alipima tendo kwa matokeo yake. Mfuasi wake aweza kusema maarifa hayo yataokoa wengi. Lakini hana budi kumtia hesabuni na yule bibi. Immanuel Kant wa Ujerumani alifundisha mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kuwa chombo tu cha makusudi ya wengine; kwake, faida ya wengi haihalalishi hila. Aristotle, Myunani wa kale, angetaka tutazame tabia ya mwulizaji: je, mwenye busara na kiasi angeuliza hivyo, mahali hapo, mbele ya hao? Njia ni tatu, lakini zote zalikataa swali hilo likiulizwa hadharani.

Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zaanza na ridhaa ya hiari. Lakini kanuni haijui Kisukuma. Ajuaye ni mkalimani, na mara nyingi mkalimani ni mmoja wetu. Kwa hiyo yatupasa kufanya haya. Tumwambie mtu kwanza kwamba aweza kukataa, wala hatapata hasara. Tumwulize faraghani, mtendaji akiwa mbali. Tumwombe atueleze kwa maneno yake alichofahamu, na tumpe siku ya kufikiri. Wala tusiwapeleke wanafunzi wetu kuulizwa kwa amri yetu, maana mtoto hawezi kumkatalia mwalimu amsahihishiaye daftari.

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mchunguzi ni mgeni. Akiondoka na daftari lililojaa, naye mwenyeji akabaki na hofu asiyokuwa nayo jana, mgeni huyo hakuja kwa heri, nasi tuliomfungulia mlango tuna sehemu yetu katika kosa hilo.