Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Methali hii waijua wenye maduka wote wa hapa Masimba. Lakini si wengi watambuao ya kuwa siku hizi methali hiyo imekuwa ndiyo sheria kuu ya biashara ya dhahabu ulimwenguni. Jambo hili latuhusu, maana mtu atokaye huku milimani kwetu akashuka kupitia mji wa Kisii na Rongo, hufika siku ile ile katika nchi ya dhahabu ya Migori.

Huko Macalder, ambako kampuni ya wageni ilichimba shaba na dhahabu hadi mwaka 1966, leo wachimbaji wadogo hushuka mashimoni kwa kamba na tochi. Mawe yao husagwa kinuni, na unga huoshwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa magunia. Kisha hutiwa zebaki, ambayo hushikamana na chembe za dhahabu. Donge lipatikanalo hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni. Zebaki hupaa kama moshi na dhahabu hubaki. Moshi huo ni sumu ya ubongo na figo, tena humdhuru mtoto angali tumboni mwa mamaye.

Kisha huja mnunuzi na mizani yake. Mara nyingi ndiye aliyekopesha fedha za chakula na mafuta ya pampu, kwa hiyo mchimbaji hana uhuru wa kumwuzia mwingine, wala hapewi stakabadhi. Kutoka hapo dhahabu hupita mkono kwa mkono, na nyingine huvushwa mipaka kwa siri. Dubai ni soko kubwa la dhahabu ya Afrika, na Uswisi ina mitambo mikubwa ya kuisafisha. Ndani ya tanuru, dhahabu ya Migori, ya Geita na ya Ituri huyeyushwa pamoja ikawa mkuo mmoja wa wakia 400. Hapo hakuna mtu awezaye kuitazama na kusema hii ilitoka wapi.

Je, kwa nini wanunuzi wa ng'ambo wajali? Kwa sababu katika Kongo ya mashariki dhahabu iliwapatia fedha watu wenye silaha walioua raia. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zieleze asili ya madini yao. Soko la London likaweka kanuni zake mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya ukaanza kuitumia sheria yake Januari 2021. Maana ya kanuni hizo zote ni moja: mnunuzi ajue mali imetoka wapi, achunguze hatari zake, azirekebishe, akaguliwe, kisha atoe taarifa.

Kanuni hizo ni njema, ila na tutazame yaliyotukia. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na amri hiyo ikadumu hadi Machi 2011. Wachimbaji wasio na hatia wakakosa riziki, na dhahabu, ambayo huenea mfukoni, ikazidi kupita njia za magendo. Mlango ulifungwa mbele ya maskini mwaminifu, lakini mlanguzi alikuwa na dirisha lake.

Basi, yatupasa kuelewa ya kuwa cheti kitamlinda mchimbaji endapo tu aweza kukipata. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 yamtambua mchimbaji mdogo, na katika mrabaha wa madini yaipa serikali kuu asilimia 70, kaunti asilimia 20, na wenyeji wa mahali pale asilimia 10. Lakini asilimia 10 ya mali isiyoandikwa ni sawa na hewa. Shule haijengwi kwa dhahabu iliyopita usiku.

Hapa nasema nasi tulioajiriwa ofisini. Mchimbaji aachaye shimo lake siku tatu kutafuta kibali, amepoteza chakula cha siku tatu. Akiambiwa aje kesho, na kesho tena, atarudi kwa yule mnunuzi mwenye mizani asiyeuliza lolote. Jirani zetu wa Tanzania walilitambua jambo hili. Mwaka 2019 waliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5, kisha wakafungua masoko ya madini, wakianza na Geita mwezi Machi. Huko mali hupimwa hadharani na bei hujulikana kwa wote.

Wachimbaji nao wana wajibu. Na waungane katika vyama, wadai stakabadhi kila wauzapo, na wachome zebaki ndani ya chombo kilichofungwa, mbali na nyumba. Mkataba wa Minamata, uliopata nguvu mwaka 2017, wataka uchomaji wa wazi na ule wa makaoni ukomeshwe.

Daftari la London haliwezi kuwa la kweli ikiwa ukurasa wake wa kwanza, ule wa shimoni, haujaandikwa. Anayeuandika ni mchimbaji, lakini kalamu iko mezani petu. Na tumpe mtu huyo kalamu siku ile ajapo, tusimwambie arudi kesho.