Zumari ya Kiriba, Bendi na Neno "Asili": Tatizo Moja la Istilahi za Muziki

Utangulizi

Mkazi wa Ilala hahitaji kuelezwa matarumbeta ni nini. Mwisho wa juma gari la wazi lililojaa wapulizaji hupita katika mitaa ya Kariakoo likiongoza msafara wa harusi, na wenye maduka hutoka mlangoni kutazama. Lakini mfasiri akipewa waraka unaozungumzia kazi ya kutunga muziki kwa ajili ya bendi kubwa ya kupuliza ikishirikiana na ala ya Uskoti yenye mfuko wa ngozi, kalamu yake husita. Bendi hiyo aiiteje? Ala hiyo nayo? Na muziki huo, ambao Waingereza huusifu kwa neno lao "original", aueleze kwa neno gani?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo matatu. Mawili ya kwanza si magumu, kwani lugha yetu inayo akiba ya kutosha. La tatu linahitaji hadhari, kwa sababu kosa lake laweza kumpotezea mtu haki yake.

Beni na bendi

Kiswahili kimelikopa neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa "beni". Ngoma ya beni ilizuka katika pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikiiga bendi za kijeshi: safu, vyeo, sare, ngoma kubwa na ala za shaba. Mjini Mombasa mojawapo ya makundi yake lilijiita Skochi, jina lililotokana na Uskoti. Vita vya 1914 hadi 1918 viliieneza beni bara na pwani, na Dar es Salaam ilikuwa na vyama vyake vya Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia ngoma hiyo kitabu kizima kilichotoka mwaka 1975. Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyotuachia jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Mara ya pili neno hilo lilikuja kwa umbo la "bendi". Maneno hayo mawili hayakugombana. Beni ilibaki na maana ya ngoma na mashindano yake, na bendi ikachukua maana ya kundi la wapigaji, liwe la polisi au la muziki wa dansi. Hapa tunapata fundisho la kwanza: neno la kukopa halidhuru lugha likiwa na kazi yake mahsusi ya kufanya.

Hata hivyo, "bendi" peke yake haitoshi. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam neno hilo humletea kwanza picha ya magitaa na ukumbi wa dansi. "Bendi ya matarumbeta" nayo ni sahihi kwa kundi la ala za shaba, lakini bendi tunayoizungumzia ina pia filimbi, klarineti na saksofoni, ambazo si matarumbeta. Twapendekeza basi "bendi ya ala za kupuliza" liwe jina la jumla. Ikilazimu kutofautisha, ile inayopiga huku ikitembea iitwe "bendi ya gwaride", na ile inayopiga ikiwa imeketi mbele ya wasikilizaji iitwe "bendi ya jukwaa".

Kiriba na mashavu

Tuje sasa kwenye ala ya Uskoti. Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Tukifanya hivyo twakutana na zumari. Mpiga zumari wa Lamu, Unguja au Pemba hupuliza bila kukatisha sauti: huweka pumzi mashavuni, na huku mashavu yakisukuma hewa, yeye huvuta nyingine kwa pua. Ala ya Uskoti hufanya jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mfuko wa ngozi ulio kwapani hushika kazi ya mashavu. Mpigaji huujaza kwa pumzi na kuuminya kwa mkono.

Mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji twauita kiriba. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na Waarabu wenyewe huiita ala hii kwa neno lao hilo hilo la mfuko wa maji. Wasomaji wenye jamaa Maskati watakuwa wamewahi kuisikia, kwani Omani ina bendi za ala hiyo, hata za wapanda farasi na wapanda ngamia. Marehemu Sultani Qaboos, aliyeshika madaraka mwaka 1970, aliwahi katika ujana wake kutumika katika kikosi cha Kiskoti cha jeshi la Uingereza. Hivyo "zumari ya kiriba" ni jina linaloeleweka kwa mtu wa pwani, linalopatana na la majirani zetu, na linaloeleza jinsi ala inavyofanya kazi. Kwa nini tukope, ilhali ghala letu lina chakula?

Sehemu za ala hii nazo zapata majina kwa urahisi. Bomba la kupulizia ni "bomba la pumzi". Lile lenye matundu ya vidole, linalotoa wimbo, ni "bomba la mahadhi". Yale matatu yanayolala begani yakitoa sauti moja isiyobadilika ni "mabomba ya mvumo". Kitenzi "kuvuma" ndicho kinachostahili hapa. Tayari tunayo ngoma ya sauti nzito iitwayo vumi.

Istilahi hizi humfaa mtunzi, maana humwonyesha mipaka ya kazi yake. Bomba la mahadhi lina nota tisa tu. Mvumo haubadiliki, kwa hiyo wimbo hauwezi kuhama mbali na sauti yake ya msingi bila kugombana nao. Kiriba hakijui kunong'ona: sauti yake haipandi wala haishuki kwa nguvu, wala haikatiki kati ya nota na nota, hata mpigaji akitaka kuirudia nota moja hulazimika kuitenganisha kwa nota fupi za pambo. Tena, nota ambayo mpiga kiriba huisoma kuwa A husikika karibu na B fleti ya bendi. B fleti hiyo ni mitetemo 466 hivi kwa sekunde, lakini kiriba cha siku hizi mara nyingi hukaribia 480, tofauti inayokaribia robo ya toni. Lazima basi kiriba kishushwe, la sivyo masikio yataumia. Na kwa kuwa kiriba hakipandi wala kushuka kwa nguvu, upole wote na ukali wote lazima mtunzi auweke katika bendi.

Asili, orijino, mahsusi

Sasa tufike kwenye neno lenye hatari. Katika mazungumzo ya bendi, Mwingereza akisema muziki fulani ni "original" ana maana kwamba ulitungwa tangu mwanzo kwa ajili ya ala hizo, si kwamba ulichukuliwa mahali pengine ukapangwa upya. Mwaka 1972 kikosi cha Royal Scots Dragoon Guards kilipiga "Amazing Grace" kwa viriba na bendi ya kijeshi, na sahani yake ikaongoza kwa mauzo nchini Uingereza. Huo ulikuwa upangaji wa wimbo wa zamani. Mwaka 1985 Peter Maxwell Davies alitunga "An Orkney Wedding, with Sunrise" kwa ajili ya okestra na mpiga kiriba anayeingia mwishoni. Huo ni utunzi.

Mfasiri mwenye haraka ataandika "muziki wa asili". Lakini kwetu muziki wa asili ni ngoma za jadi, urithi wa jamii usio na mtunzi mmoja ajulikanaye. Maana imegeuzwa juu chini: kitu kipya kimeitwa cha kale, na chenye mwenyewe kimeitwa cha wote. Akikwepa huko na kusema "orijino", ataeleweka vingine tena, kwani dukani Kariakoo orijino ni bidhaa isiyo bandia.

Tuchukue mfano. Mtunzi anajaza fomu ya kuandikisha kazi yake, na penye nafasi ya aina ya kazi pameandikwa "muziki wa asili". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi wa kazi yake mwenyewe. Sanaa za jadi zina sehemu yake mbali. Karani anayesoma fomu hiyo hana kosa akiihesabu kazi hiyo kuwa urithi wa jadi. Neno moja limemwondoa mtunzi katika nyumba aliyoijenga.

Twapendekeza basi: "utunzi mahsusi" kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya ala zilizotajwa, "upangaji" kwa muziki uliotolewa katika ala au sauti nyingine, na "muziki wa asili" ubaki na maana yake ya jadi. Kitenzi "kutunga" kina uzito unaofaa hapa. Atungaye shanga hachukui mkufu uliokwisha kufungwa. Huokota moja moja na kuzipitisha katika uzi wake mwenyewe.

Hitimisho

Kwa ufupi, kichwa cha habari kilichomsumbua mfasiri wetu sasa chaweza kusomeka: "Utunzi mahsusi kwa zumari ya kiriba na bendi ya jukwaa". Hakuna neno humo ambalo mwalimu wa Ilala hataweza kulieleza darasani. Walimu, wafasiri na maofisa wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika kazi zao. Yatakayokataliwa na wasemaji yaachwe. Lakini lile la "asili" lishikwe kwa mikono miwili, maana nyuma yake yupo mtu na jasho lake.