DJ Habonyezi Tu

Likizo ndefu huangukia msimu wa kahawa kwetu Mbozi. Pesa inaonekana, na Mlowo kila Jumamosi kuna sendofu au harusi. Kaka yangu ni DJ, mimi namsaidia kubeba spika. Baba haihesabu kama kazi. "Anabonyeza tu," husema. Sikumjibu nyumbani, ngoja nijibu hapa.

Mwanzoni DJ alikuwa mtangazaji wa redio anayepiga santuri. Kilichomfanya awe fundi kilitokea Bronx, New York, kuanzia Agosti 11, 1973. Siku hiyo Clive Campbell, kijana mzaliwa wa Jamaika anayejulikana kama DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Herc aliona kwamba watu huchangamka zaidi mwimbaji anaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Tatizo, kipande hicho ni kifupi. Basi akatumia nakala mbili za santuri moja: hii ikifika mwisho wa kipande anaingiza ile, huku anairudisha ya kwanza. Sekunde chache zikawa dakika kadhaa. Hip hop ikakulia hapo.

Sasa njoo Dar es Salaam. Kwenye vigodoro vya Manzese na Tandale, ma-DJ walichukua kipande cha ala cha taarabu, wakakirudia rudia na kukikimbiza hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Ndiyo singeli hiyo. Hawakuwa wamesomea muziki popote, walikuwa wanasoma watu.

Hilo ndilo nililoliona Mlowo. Kwenye sendofu moja vijana walikuwa wamewaka na singeli, ila kina mama walikuwa wamekaa, mikoba mapajani. Kaka hakukata ghafla. Alishusha kasi wimbo kwa wimbo, akapitia bongo fleva ya zamani, akatua kwa Mbaraka Mwinshehe. Kina mama wakainuka. Baba naye akainuka, tena akacheza nyimbo tatu.

Alfajiri kamati ikamlipa kaka nusu. Nusu nyingine akaambiwa, "Tutakutafuta." Mpishi alilipwa yote, mpambaji yote. Mpaka nafunga begi kurudi chuo, hajatafutwa.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kesho ukiwekwa kwenye kamati ya sherehe, mlipe DJ kabla hajazima mashine. Kubonyeza kila mtu anaweza. Kujua ubonyeze nini, saa ngapi, na kwa ajili ya nani, hapo ndipo kazi ilipo.